Shajara ya bwawa la bustanini: perege, mayungiyungi na kobe waliokuja wenyewe

Haya nimeyatoa kwenye daftari la jikoni, lile ninaloandikia matumizi ya nyumbani, ndiyo maana yamerukaruka tarehe. Hesabu za saruji na nauli nimezipunguza. Mengine nimeyaacha kama nilivyoyaandika siku yenyewe, hata pale nilipokosea.

10 Juni 2023

Leo tumeanza kuchimba. Mahali penyewe ni nyuma ya jiko, upande wa chini wa bustani, pale ambapo kila masika maji yanayoshuka kutoka milima ya Uluguru hutuama siku tatu nne kabla hayajapata njia ya kwenda mtoni. Miaka sita nimepanda mahindi hapo, na kila mwaka yanageuka njano kwa kuloa mizizi. Basi nimekubaliana na ardhi. Inataka maji, ipewe maji.

Vipimo: urefu mita 6, upana mita 4, umbo la yai, kina mita 1.3 katikati. Mpwa wangu na fundi wanachimba, mimi nasukuma toroli. Nataka perege wa kula, mayungiyungi ya kutazama jioni, na magimbi pembezoni.

24 Juni

Shimo limekamilika. Juu ni mfinyanzi mzuri, lakini ukipita mita moja unakuta mchanga. Ndoo kumi tulizomwaga jioni, asubuhi hapakuwa hata na tope. Imebidi ninunue karatasi nene nyeusi ya plastiki, ile wanayotandika kwenye mabwawa ya kumwagilia. Imekula pesa kuliko kitu kingine chochote. Chini yake tumetandaza magunia ya zamani ili mawe yasiitoboe. Kuzunguka ukingo tumejenga mstari wa tofali, karatasi ikapandishwa juu yake na kubanwa kwa mawe. Kuta zimesimama karibu wima pande zote. Fundi anasema bwawa la hivyo ndilo linalopendeza, na kweli linapendeza.

2 Julai

Maji yameingia, nusu ya bomba, nusu ya kisima cha jirani. Ya bomba yana klorini, kwa hiyo nayaacha wiki mbili yapigwe jua kabla sijatia kiumbe.

Mpwa wangu ameleta mayungiyungi manne kutoka kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga. Tumeyapanda kwenye mabeseni yaliyotoboka, udongo wa bustani chini, kokoto juu, kisha tukayateremsha taratibu mpaka kina cha magoti. Mafunjo yamekaa upande wa magharibi yavunje jua la mchana. Magimbi nitayapanda nje ya ukingo, pale panapobaki na unyevu.

Jirani mmoja ameniletea gugu maji kwa moyo mweupe, akasifu maua yake ya zambarau. Nimemshukuru sana, na alipoondoka nimelianika juani likauke nilichome. Gugu hilo lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na ilibidi waletwe wadudu maalumu wa kulitafuna. Bustani yangu haina wa kulizuia.

20 Julai

Maji yamekuwa kijani. Nimetumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kiganja hakionekani. Wafugaji wa samaki huku ndivyo wanavyopima: kiganja kikipotea mkono ukifika kwenye kiwiko, mwani umetosha na samaki watapata cha kuanzia.

5 Agosti

Vifaranga 60 wa perege, nimewafuata kwenye kituo cha ufugaji samaki cha Kingolwira. Hesabu ni kama watatu kwa kila mita ya mraba. Nimeuelesha mfuko juu ya maji dakika ishirini ili joto lilingane, nikaufungua, wakazama wote mara moja kama waliokuwa na mahali pa kwenda. Nimechanganya madume na majike kwa makusudi. Natamani kuona jike akibeba mayai mdomoni kama wanavyosimulia.

19 Septemba

Nimepoteza samaki 19.

Naandika kwa mpangilio ili nisisahau. Wiki mbili zilizopita nilianza kuwapa pumba za mahindi asubuhi na jioni, na kwa kuwa walikuwa wanakimbilia juu kwa shangwe nikawa naongeza. Zilizobaki zilizama. Jana mchana palikuwa na mawingu mazito na hewa haisogei. Alfajiri ya leo, saa kumi na moja, nimetoka kuchota maji nikasikia mlio kama wa watu wengi wanaonyonya chai ya moto. Samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanavuta hewa. Wengine walikuwa wamelala ubavu.

Sababu si sumu. Mchana mwani na mimea hutoa oksijeni, ila usiku nayo huivuta, na zile pumba zilizokuwa zinaoza chini zilikuwa zinavuta pia. Kukitangulia siku ya mawingu, alfajiri haikuti kitu majini. Tumechota kama theluthi ya maji, tukamwaga mapya kutoka tangini kwa ndoo, tukiinua ndoo juu kabisa ili maji yaanguke kwa kishindo na kubeba hewa. Saa mbili asubuhi waliobaki wamezama. Tumesomba tope la pumba kwa sufuria iliyofungwa kwenye mti.

Kuanzia leo chakula ni mara moja, saa nne asubuhi, kiasi wanachokimaliza ndani ya dakika kumi. Pumba nachanganya na mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Siku ya mawingu hawali.

Oktoba, mwishoni

Yungiyungi la kwanza limechanua, la samawati iliyofifia. Linafunguka asubuhi, mchana linafumba. Mbu wamepungua jikoni, maana perege hawaachi kiluwiluwi hata kimoja.

11 Novemba

Mvua za vuli zimekuja na nguvu za El Niño. Siku ya nne hii hazikatiki.

Usiku wa kuamkia leo nimesikia kitu kikikwaruza. Si panya, panya hukwaruza na kunyamaza kusikiliza. Hiki kilikuwa kinakwaruza mara tano sita, kinaanguka majini, kimya kidogo, halafu kinaanza tena. Nilifikiri ni tawi, nikalala. Saa tisa usiku bado kinakwaruza. Nimechukua tochi na mwavuli.

Alikuwa kobe wa maji. Amesimama wima kwenye ukuta wa plastiki, miguu ya nyuma majini, ya mbele inachapa ile karatasi nyeusi inayoteleza. Kila akipanda kwa urefu wa gamba lake anateleza na kurudi chini. Kucha zake zimechora mistari myeupe, mingi, pande zote za bwawa. Nimezunguka nayo kwa tochi. Alikuwa amejaribu ukingo wote, hatua kwa hatua, usiku kucha, na hakupata hata kidole kimoja cha mahali pa kushika. Pembeni yake walielea vyura wawili waliokwisha kufa.

Nimemtoa kwa karai. Alinuka tope kali, harufu ambayo hawa huitoa wakiogopa. Hakuingiza kichwa ndani moja kwa moja kama kobe wa nchi kavu. Alikunja shingo ubavuni, akaificha chini ya ukingo wa gamba, jicho moja likabaki nje linanitazama. Gamba lake ni bapa, rangi ya majani makavu, kubwa kama sahani ya chai. Nimemweka kwenye magimbi. Amekaa pale mvua ikimnyeshea mpaka kulipopambazuka, ndipo akaondoka.

Nimeshinda siku nzima nikiutazama ule ukingo uliokuwa unanipendeza.

13 Novemba

Amerudi, ni yuleyule, ana kipande kilichomeguka nyuma ya gamba. Nimemkuta amelala juu ya beseni la yungiyungi, pua tu ndiyo iko nje. Nimechomeka ubao wa dharura kutoka majini hadi juu ya tofali na kuuzungushia kamba ya katani apate kukanyaga.

Mzee wa nyumba ya pili, ambaye amezaliwa hapa, amekuja kumwona. Nimemwamkia, akaitikia huku macho yake yako majini. "Hawa mwanangu ni wa bonde hili," akaniambia. "Kabla hamjajenga, kila vuli walikuwa wanapita hapa kutoka kule kwenye majaruba. Wewe umechimba kwenye njia yao." Amesema kiangazi hujifukia kwenye tope likauka nao ndani, na mvua ikinyesha hutoka.

Hayo ya kujifukia ni kweli, na ndiyo yanayomtofautisha na wengi. Kobe huyu haogopi dimbwi kukauka. Hutembea nchi kavu siku za mvua akitafuta maji mengine, na yakikosekana huingia ardhini kungoja. Ndugu yake anayeishi mitoni ana bawaba kwenye gamba la chini, anaweza kulifunga upande wa mbele kama kifuniko. Huyu wangu hana bawaba, na chini ya kidevu ana vinyama viwili vidogo kama ndevu. Zamani wataalamu walidhani kobe wa aina hii ni mmoja tu, Afrika karibu yote kusini mwa Sahara. Mwaka 2014 walipochunguza vinasaba waligundua ni jamii kadhaa, na iliyotambuliwa kutoka Tanzania wakaipa jina la kisayansi *Pelomedusa kobe*. Neno letu, limeingia vitabuni kama lilivyo. Nilipolisoma nilifurahi kama niliyetajiwa mtu wa nyumbani.

19 Novemba

Nyumbani tumejadiliana. Watoto wanataka tuweke wavu kuzunguka asiondoke. Nimekataa. Kobe wa maji ni mnyamapori, na kwa sheria ya Tanzania mnyamapori hafugwi nyumbani bila kibali. Hata pasingekuwa na sheria ningekataa, kwa sababu nimeona alivyokesha akitafuta pa kutokea. Bwawa hili nitalijenga upya liwe na mlango. Akitaka aje, akitaka aende. Kazi yangu ni kuhakikisha perege na mayungiyungi yanastahimili ujio wake.

2 hadi 9 Desemba

Wiki ya kazi. Tumepunguza maji nusu, samaki wakabaki kwenye kina cha kati. Tumebomoa tofali upande wa mashariki na kusini. Hapo ukuta wima tumeugeuza mteremko wa polepole: kila mita moja ya kwenda ndani inashuka sentimita 30 hivi. Karatasi imefunikwa na magunia yaliyojazwa mchanga na kokoto, na juu ya magunia tumelaza makumbi ya nazi yaliyoshonwa kwa kamba. Makumbi yanashika kucha, halafu baada ya muda yanaota ukoka na kuwa kama ardhi yenyewe. Pia yanailinda karatasi, maana kucha zile zingeitoboa mapema.

Katikati tumeingiza gogo la mwembe, nusu ndani, nusu nje. Kobe lazima apate mahali pakavu pa kuotea jua ndipo gamba likauke na mwili upate joto la kusagia chakula.

Kaskazini tumejenga kitalu. Ni fito za mianzi zilizochomekwa kwenye ndoo za mchanga, nafasi kati ya ufito na ufito ni vidole viwili. Vifaranga vya perege wanapita, kobe hapiti. Ndani ya kitalu nimepanda nusu ya mayungiyungi na mafunjo yote machanga. Hii ndiyo sehemu ninayoamini itaamua kama mambo haya matatu yanaweza kuishi pamoja. Kobe anahitaji mlango, na samaki wadogo na mizizi michanga inahitaji ukuta.

17 Desemba

Kobe watatu sasa. Mmoja ana mkia mrefu mnene, huyo ni dume. Wengine wawili mikia mifupi.

Mayungiyungi yaliyo nje ya kitalu yamechimbuliwa. Hawakula majani kwa pupa kama nilivyohofia. Walikuwa wanatafuta minyoo kwenye udongo wa mabeseni, mimea ikang'oka. Nimepanda upya na kufunika udongo kwa mawe makubwa kuliko ngumi, yamepangwa kuzunguka shina. Kokoto ndogo hazisaidii, wanazipangua kama wanaochambua mchele.

28 Desemba

Leo nimeacha ugali ukaungua na sijutii.

Saa kumi jioni jike mwenye gamba lililomeguka alipanda mteremko wa kusini, akapita magimbi, akafika kwenye mchanga uliobaki tulipokuwa tunajenga. Alinusa, akazunguka, akajaribu mahali pawili akapaacha. Mahali pa tatu akatoa maji nyuma, mchanga ukalowa ukashikana. Kisha akaanza kuchimba kwa miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, bila kugeuka kutazama. Mguu wa kulia unashuka, unakunja vidole, unatoa mchanga kidogo sana, kama mtu anayechota chumvi, unauweka pembeni. Halafu wa kushoto. Imemchukua karibu saa nzima. Shimo lilipofika urefu wa mguu wake akatulia. Nilikuwa nimelala kifudifudi hatua nne nyuma ya magimbi, nikaona yai la kwanza likidondoka, jeupe, refu kidogo, likabonyea lilipogonga mchanga. Maganda yake ni laini kama ngozi. Akayafukia kwa miguu ileile, akayashindilia kwa gamba la chini, akanyanyuka na kuanguka, akanyanyuka na kuanguka. Giza lilipoingia alirudi majini.

Nimechomeka kijiti na kuandika tarehe juu yake.

6 Januari 2024

Kenge. Nimemkuta asubuhi hatua moja kutoka kwenye kijiti, ulimi unaingia na kutoka. Nimepiga sufuria akakimbia, lakini kenge akishajua mahali hasahau. Na nguchiro nao wapo. Nimetandaza wavu wa kuku juu ya mchanga, nikaubana kwa mawe pande zote, na juu yake matawi ya mchongoma. Nimeandika kwenye kalenda: kuanzia siku ya 70 wavu uondolewe kila jioni na asubuhi mchanga ukaguliwe, kwa sababu mayai haya huchukua kama siku 75 hadi 90.

21 Januari

Swali ambalo kila anayekuja hapa ananiuliza: hawali samaki?

Wanakula. Nimewatazama sana wiki hizi. Perege mzima, mwenye afya, kobe hampati mchana, anamwendea polepole na perege anasogea tu kama anayempisha mtu njiani. Usiku samaki wakitulia chini wawili wamenyofolewa mapezi. Mmoja amekufa, wakamla wote watatu mpaka mifupa, na maji hayakunuka. Vifaranga wanawala, na hapo sina malalamiko. Perege wakichanganywa dume na jike huzaana mpaka bwawa linajaa samaki wa kidole wasiokua. Madume wamechimba viota vya duara chini, majike wanabeba mayai mdomoni, na kila wiki kuna kundi jipya. Wanaofika kitaluni wanapona. Wasiofika, wengi huliwa. Idadi inajirekebisha bila mimi kutia mkono.

Konokono pia wamepungua, wanawatafuna na maganda. Hilo limenifurahisha, ila halinifanyi nilegeze sharti: hakuna mtoto kuingia majini wala kukojoa karibu, kwa ajili ya kichocho. Na anayegusa kobe au kitu cha bwawani ananawa kwa sabuni kabla hajashika chakula, maana kobe wanabeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua.

Watoto wa jirani walikuwa wanawatupia mkate. Nimewaomba waache. Unachafua maji, na kobe anayezoea mkono wa mtu atakuja kuufuata mkono wa mtu mbaya.

11 Februari

Kobe wanachafua kuliko samaki. Maji yamekuwa ya kahawia na yana harufu. Nimeweka pampu ndogo ya umeme jua inayovuta maji kutoka chini na kuyamwaga kwenye pipa lililokatwa, lililojaa kokoto. Kutoka pipani yanatiririka kwenye mfereji wa magimbi na kurudi bwawani kwa kuanguka. Uchafu wa wanyama hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota juu ya kokoto huigeuza naitraiti, wengine huigeuza hiyo kuwa naitreti, na naitreti ndiyo mbolea ya magimbi. Bakteria hao wanahitaji majuma kadhaa ya kujijenga, kwa hiyo kokoto hazioshwi kwa maji ya bomba. Zinasuuzwa kwa maji ya bwawa lenyewe.

3 Machi

Maji yameng'aa. Majani ya magimbi ya kwenye mfereji yamekuwa mapana kama mwavuli, ya nje ya mfereji hayafiki nusu yake.

20 Machi

Siku ya 83. Usiku ilinyesha mvua ya kwanza kubwa ya masika, mchanga ukalainika. Saa kumi na mbili asubuhi nimekuta tundu dogo kando ya kijiti, na kwenye tundu kichwa.

Alikuwa na ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Mchanga umemganda usoni, akawa anaupangusa kwa mguu wa mbele kama mtoto aliyeamshwa. Nyuma yake mwingine akamkanyaga kichwani akapita. Nimewahesabu tisa mpaka saa mbili. Hakuna aliyeelekezwa, wote wameelekea mteremkoni, wakashuka kwenye makumbi, kucha zao nyembamba kama nywele zikashika kila uzi. Mmoja aliteleza akabinuka chali. Alinyoosha shingo ile ndefu, akaisukuma chini, akajigeuza mwenyewe. Wameingia kitaluni kati ya fito na kupotea kwenye mizizi ya mafunjo.

Jioni nimechimbua taratibu. Maganda 9 yaliyopasuka, mayai 4 hayakuanguliwa.

Nimemwita mzee wa nyumba ya pili. Amekaa kwenye kigoda mpaka giza, hakusema mengi.

14 Aprili

Mafuriko madogo. Bwawa limefurika upande wa magharibi, perege kadhaa wameondoka na maji. Nimeziba njia ya maji kwa kimia cha mbu kilichokunjwa mara mbili, kimejaa majani ndani ya saa moja na maji yakapita juu. Dawa ni wavu wa matundu makubwa kidogo na mtu wa kuusafisha.

18 Aprili

Kuna kambale. Ameingia wakati wa mafuriko, kwani naye huvuta hewa na kujikokota kwenye majani yaliyoloa. Nimemwona kwa tochi, mrefu kama mkono wangu, anazunguka nje ya fito za kitalu. Kambale wa ukubwa huo anameza kobe mchanga bila kutafuna. Ndoana, utumbo wa kuku, usiku wa pili kanaswa. Tumempika mchuzi wa nazi. Kobe wachanga ninaowaona sasa kwa hakika ni sita.

15 Juni

Mwaka mmoja na siku tano tangu jembe la kwanza. Tumevua kwa wavu wa mkono. Perege wakubwa 27, wastani wa gramu 200. Wadogo sikuwahesabu, nimewarudisha. Wafugaji wa kweli wangepata zaidi kwenye eneo hili, lakini mimi sikuanza kwa ajili ya soko, na tumekula samaki wabichi Jumapili nne mfululizo na majirani wawili wamepata.

Niliyojifunza kwa anayetaka kuanza. Usiende kukamata kobe mtoni, wala usinunue anayeuzwa barabarani. Jenga ukingo wenye mteremko hata kama hakuna kobe, kwa sababu chura, kinyonga na kifaranga wa kuku wanaoanguka majini nao wanahitaji kutoka. Tenga theluthi ya bwawa kwa mimea iliyozungushiwa fito. Fanya kina cha kati kizidi mita moja ili samaki wapate pa kukimbilia na maji yasichemke mchana. Na usimwage chakula kwa furaha.

7 Julai

Kiangazi kimeshika. Maji yameshuka sentimita 20, najazia kila Jumamosi kutoka tangini. Dume hajaonekana tangu mwisho wa Mei, na jike mmoja pia. Wadogo wanne wanaota jua kwenye gogo, wamepangana kwa ukubwa, wakisikia mlango wa jiko wanadondoka majini mmoja mmoja.

28 Julai

Asubuhi nimekwenda kuchimba magimbi ya chai. Nimeanza na shina lililo karibu na mteremko wa kusini, pale udongo unapobaki na unyevu. Pigo la tatu jembe limegonga kitu kigumu, kwa sauti ya kibuyu. Nimeliweka chini na kuondoa udongo kwa vidole.

Ukingo wa gamba, rangi ya majani makavu, na kipande kilichomeguka nyuma. Yuko chini kwa kina cha kiganja, amejikunja, shingo imelazwa ubavuni, macho yamefumba. Nimeweka kidole karibu na pua yake nikangoja. Baada ya muda mrefu nikasikia pumzi moja, ya baridi.

Nimerudisha udongo kidogo kidogo, nikamwagia kopo la maji, nikalaza majani ya magimbi juu yake. Chai ya leo tumenywa na magimbi ya upande wa pili.